Milioni 20 zitakuwa 40 lini? Hesabu ya hatifungani za serikali

Barua

Mpendwa mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 47, mjane mwenye watoto wawili. Wa kwanza yuko kidato cha pili, wa pili yuko darasa la nne. Mwezi uliopita niliuza kiwanja na baada ya kulipa madeni nimebaki na shilingi milioni 20. Sitaki kufungua duka, kwa sababu sina mtu wa kulisimamia. Nataka kununua hatifungani za serikali.

Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza fedha yangu itachukua muda gani kuwa mara mbili ananipa jibu lake. Wenzangu ofisini wanasema miaka minne na nusu. Kijana wa benki aliniambia miaka sita na ushee. Shemeji yangu anayeishi Houston ananiambia hati ya akiba aliyomnunulia mwanawe inarudufu baada ya miaka 20, na serikali ya Marekani imeweka dhamana. Sasa nashindwa kuelewa: ni kitu kimoja wanachozungumzia au vitu vitatu? Ipi ni kweli?

Pia nina hofu nyingine. Hii ya miaka 25 ikikomaa nitakuwa na miaka 72. Nitakuwa hai kweli? Na nikikwama kabla ya hapo, ada ya mtoto ikanibana au nikaugua, fedha yangu naitoaje? Naomba mnieleze kwa tarakimu, maana maneno nimeyasikia ya kutosha.

Mama wa wawili, Morogoro

Jibu

Mwalimu, pole kwa kubeba peke yako, na hongera kwa kuuliza kabla ya kulipa. Wote watatu wamekuambia kweli, ila kila mmoja amejibu swali lake. Tukishayatenganisha maswali hayo utaweza kupiga hesabu mwenyewe kwa hatifungani yoyote itakayotangazwa.

Anza na hili, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi: hatifungani ya serikali ya Tanzania, yaani hati ya mkopo unaoipa serikali, hairudufu. Ukinunua ya shilingi milioni 20 leo, siku ya kukomaa utarudishiwa milioni 20 zile zile. Kinachozaa ni kuponi, yaani riba unayolipwa kila baada ya miezi sita kupitia akaunti yako ya benki. Ukiila, mtaji unabaki pale pale. Ukiirudisha kazini, fedha inaanza kuzaa juu ya uzazi wake. Kwa hiyo muda wa kurudufu unategemea mambo matatu: kuponi ni asilimia ngapi, umenunua kwa bei gani, na kuponi ikiingia unaifanyia nini. Ofisini kwenu na benki wametofautiana kwenye hilo la tatu tu.

Tuchukue hatifungani ya miaka 25 iliyoanza kutolewa Aprili 2021 kwa kuponi ya asilimia 15.95. Kwa milioni 20 zilizonunuliwa kwa bei ya 100, yaani shilingi 100 kwa kila 100 za thamani yake, kuponi ya mwaka ni shilingi 3,190,000, na kila miezi sita unapata 1,595,000. Ukiziweka tu pembeni bila kuzizalisha, kuponi ya 13 ikiingia utakuwa umekusanya 20,735,000. Kuponi 13 ni miaka sita na nusu. Hapo una mtaji wako milioni 20 uliosimama na milioni 20 nyingine mkononi. Hilo ndilo jibu la kijana wa benki: alikokotoa kama mtu anayekusanya.

Wenzako wa ofisini wamepiga hesabu ya mtu ambaye kila kuponi inapoingia anaiwekeza tena kwa asilimia ile ile 15.95, bila kupoteza hata siku moja. Kwa hesabu hiyo, baada ya kuponi 9, yaani miaka minne na nusu, milioni 20 zinakuwa takriban 39,900,000. Imebaki kama laki moja tu. Hesabu ni sahihi. Ugumu wake ni kwamba kwa mtu wa kawaida haitekelezeki yote, na sababu zake tutazieleza hapa chini.

Kuna njia mbili za mkato za kupima hili kichwani. Kama unakusanya kuponi bila kuzizalisha, gawa 100 kwa asilimia ya kuponi: 100 kwa 15.95 ni miaka 6.3. Kama unazirudisha kazini zote kwa kiwango kile kile, gawa 72: 72 kwa 15.95 ni miaka 4.5. Mtu yeyote atakayekutajia muda wa kurudufu, muulize amegawa namba ipi. Asipojua, achana na tarakimu yake.

Sasa huyo shemeji. Hati za akiba za Marekani anazozisema, Series EE, zimeundwa tofauti kabisa. Hazilipi kuponi. Riba inabaki ndani ya hati na kujumlishwa kwenye mtaji mpaka utakapoikomboa, na serikali inaahidi kwamba zilizonunuliwa tangu Juni 2003 zitakuwa mara mbili zikifika miaka 20. Hiyo ni sawa na kama asilimia 3.5 kwa mwaka. India nao wana Kisan Vikas Patra inayouzwa posta: tangu Aprili 2023 riba yake ni asilimia 7.5, na inarudufu baada ya miezi 115. Jaribu kugawa 72 kwa 7.5 uone. Hati za namna hiyo ndizo zinazojirudufu zenyewe, mwenye nazo akiwa amelala. Hapa kwetu serikali inakupa riba mkononi, na kazi ya kurudufu inabaki kwako. Usione miaka 20 ya dola ukadhani sisi tumewazidi akili: ni sarafu nyingine, yenye mfumuko wake wa bei, na mtu wa Houston anatumia dola.

Kuponi si moja

Tumetumia 15.95 kwa sababu ndiyo inayotajwa sana mitaani, lakini usiibebe kama Amri ya Mungu. Aprili 2022 viwango vya matoleo mapya vilishushwa: miaka 25 ikawa asilimia 12.56, miaka 20 ikawa 12.10, miaka 15 ikawa 11.15, miaka 10 ikawa 10.25 na miaka 5 ikawa 8.6. Aliyenunua zamani hakuguswa, kwa sababu kuponi ikishaandikwa kwenye hatifungani haibadiliki mpaka ikomae. Huo ndio uzuri wa hatifungani ndefu: unafunga kiwango. Lakini ukinunua sasa, kuponi yako ni ya tangazo la mnada wa Benki Kuu unaouingia, si ile ya jirani yako.

Kwa asilimia 12.56, milioni zako 20 zinaleta 1,256,000 kila miezi sita. Ukikusanya tu, unafikisha milioni 20 kwenye kuponi ya 16, yaani mwaka wa nane. Ukirudisha zote kazini kwa kiwango kile kile, ni kama miaka sita kasoro miezi michache. Ile ya miaka 10 kwa 10.25 inafikisha mara mbili kwenye kuponi yake ya mwisho kabisa, ya 20, kama hukuizalisha. Na ile ya miaka 5 kwa 8.6 haifiki kabisa: kuponi zote kumi ni shilingi 8,600,000, na hata ungezirudisha zote kazini ungeishia kwenye milioni 30 na nusu hivi. Ndiyo maana wewe, mwenye miaka 13 mbele kabla ya kustaafu kwa lazima, hatukushauri uchukue fupi kwa sababu tu jina lake halitishi.

Kuhusu kodi, ni habari njema. Kuponi ya hatifungani ya serikali ya Tanzania ya miaka mitatu na zaidi haikatwi kodi ya zuio. Ya miaka miwili inakatwa asilimia 10, kwa hiyo ukiona imeandikwa 7.6, mkononi ni 6.84. Kwa wasomaji wetu wa Kenya mambo ni tofauti: kwa kawaida hatifungani za miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10 ya riba na zile fupi asilimia 15, huku za miundombinu zikisamehewa. Toeni kodi kwanza, ndipo mgawe 100 au 72.

Mahali hesabu inapoharibika

Pa kwanza ni kiwango cha chini. Mnada wa hatifungani unapokea kuanzia shilingi 1,000,000, na nyongeza ni za laki moja moja. Mwenye hatifungani ya milioni 5 kwa kuponi ya 15.95 anapata 398,750 kila miezi sita. Fedha hiyo haiwezi kurudi kwenye mnada. Atasubiri mwaka mmoja na nusu mpaka kuponi tatu zijikusanye, na muda wote huo laki zake zimekaa benki bila kuzaa. Ile miaka minne na nusu ya ofisini haimhusu.

Ili kila kuponi ivuke milioni moja yenyewe, kwa asilimia 15.95 unahitaji hatifungani ya angalau milioni 12.6. Kwa 12.56 unahitaji milioni 16. Zishike hizo namba mbili, tutazirudia.

Kwa kuponi isiyofika milioni, au chenji inayobaki, njia inayotumiwa na wengi ni mfuko wa pamoja unaopokea viasi vidogo vya watu wengi na kuviwekeza, kama Mfuko wa Ukwasi wa kampuni ya UTT AMIS. Faida ya mifuko hiyo haina dhamana na hubadilika, hivyo usiiwekee hesabu ya 15.95. Tuseme, kwa kukadiria tu, kuponi zako zinazaa asilimia 10 kwa mwaka huko. Basi kwa hatifungani ya 15.95, milioni 20 zinakuwa 40 baada ya miaka mitano kamili, kuponi kumi. Kwa 12.56 ni miaka sita, ikipungua shilingi elfu nane tu. Kati ya miaka mitano na sita: hilo ndilo jibu tunalokupa wewe la kubeba, badala ya yale matatu uliyopewa.

Pa pili pameumiza wengi, nasi tunaomba usome aya hii mara mbili. Hatifungani haiuzwi kwa 100 siku zote. Bei inatajwa kwa kila shilingi 100 za thamani yake. Watu wakiigombania kwa sababu kuponi yake ni kubwa kuliko za matoleo mapya, bei inapanda juu ya 100, kwenye mnada na kwa dalali wa soko la hisa vile vile. Tuseme inauzwa 112. Kwa milioni zako 20 utapata hatifungani ya thamani ya 17,800,000, na utalipa 19,936,000. Kuponi ya 15.95 haihesabiwi kwa fedha uliyolipa, inahesabiwa kwa ile 17,800,000: ni 1,419,550 kila miezi sita, si 1,595,000. Na siku ya kukomaa unarudishiwa 17,800,000. Ile 2,136,000 ya juu imekwenda. Ukihesabu kukusanya tu, na mtaji ukiuthamini kwa hiyo 17,800,000 utakayorudishiwa, fedha uliyotoa inakuwa mara mbili kwenye kuponi ya 16, mwaka wa nane, badala ya miaka sita na nusu. Yaani 15.95 ya bei ya 112 inakuchelewesha sawasawa na 12.56 ya bei ya 100. Anayekusifia kuponi bila kutaja bei amekupa nusu ya habari.

Kinyume chake kipo pia. Ukiipata kwa 92, hatifungani ya milioni 20 inakugharimu 18,400,000, kuponi inahesabiwa kwa milioni 20, na mwisho unarudishiwa milioni 20. Hapo muda unafupika.

Pa tatu ni riba ya siku zilizopita. Benki Kuu mara nyingine huipeleka tena mnadani hatifungani iliyokwisha kutolewa, na kwenye soko la hisa karibu kila unachonunua kilishaanza kuhesabiwa riba. Ukinunua miezi mitatu baada ya kuponi ya mwisho, unamlipa muuzaji riba ya miezi hiyo mitatu. Kwa milioni 20 za 15.95 ni kama 797,500 juu ya bei. Haipotei, inakurudia kwenye kuponi yako ya kwanza ambayo utalipwa nzima. Lakini mtu aliyekwenda na milioni 20 kamili anakuta fedha haitoshi. Ndiyo sababu usiagize thamani ya milioni 20 ukiwa na milioni 20. Acha nafasi.

Pa nne ni akaunti ya benki. Kuponi ikiingia kwenye akaunti ile ile ya mshahara, inaliwa. Si kwa ubadhirifu: inaingia wakati wa ada, wakati wa mvua, wakati mgonjwa yupo nyumbani, na haina jina. Fungua akaunti ya pembeni, isiyo na kadi ikiwezekana, iwe ndiyo inayopokea kuponi. Tena hakikisha jina lako ni lile lile kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye akaunti ya benki na kwenye akaunti ya hatifungani. Kwa akina mama jambo hili ni zito, kwani benki unaweza kuwa na jina la marehemu mume na kwenye NIDA una la baba. Rekebisha kwanza, ndipo ununue. Na siku ukibadili benki, mjulishe wakala wako, yaani benki au dalali aliyekununulia, kwa maandishi kabla ya tarehe ya kuponi.

Tunavyokushauri ugawe

Usipeleke zote 20. Mtoto wa kidato cha pili ana kidato cha tano na chuo mbele yake ndani ya miaka mitano, na hatifungani si mahali pa kuweka ada ya mwaka kesho. Tenga milioni 4 kwenye mfuko unaotoa fedha ndani ya siku chache. Hizo ndizo za ugonjwa na ada ya ghafla.

Milioni 16 zipeleke kwenye hatifungani ndefu, ya miaka 20 au 25. Hatukuitoa hewani milioni 16. Ukipata kuponi ya 12.56 kwa bei ya 100, kila miezi sita inaingia 1,004,800, inavuka kizingiti cha mnada kwa kidogo tu. Ukipata ya 15.95 kwa bei hiyo hiyo, inaingia 1,276,000. Kwa vyovyote unaweza kuirudisha mnadani yenyewe bila kuichanganya na mshahara. Bei ikiwa juu sana ya 100, utapata pungufu ya thamani hiyo, nawe utatumia mfuko kwa kuponi.

Tuifuate hiyo ya 12.56, ambayo ni ndogo, na tuseme kuponi zote zinakwenda kwenye mfuko unaozaa asilimia 10, si mnadani. Ukifika miaka 60 utakuwa umepokea kuponi 26. Kuponi hizo na uzao wake zitakuwa zimefika kama milioni 51.4, pamoja na mtaji wa milioni 16: jumla milioni 67 na kidogo. Hiyo ni zaidi ya mara nne. Lakini ukila kila kuponi kwa ada, utakuwa umetumia 26,124,800 kwa watoto na mtaji wako utakuwa milioni 16. Hilo nalo si kosa hata kidogo, kusomesha ni kuwekeza. Tunachosema ni uamue mapema, na ikibidi ugawanye: kuponi ya nusu ya kwanza ya mwaka iwe ya ada, ya nusu ya pili irudi kazini.

Na mfumuko wa bei? Wastani wake Tanzania ulikuwa asilimia 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Tukichukua 4 kwa tahadhari, zile milioni 67 za miaka 13 ijayo zitanunua vitu vinavyonunuliwa leo kwa milioni 40. Kwa hiyo ukweli wa sokoni ni kwamba milioni 16 zako zimekuwa mara mbili na nusu, si mara nne. Angalia sasa upande wa asiyezalisha kuponi: milioni 16 zitakazorudi baada ya miaka 25, kwa mfumuko huo huo, zitanunua vitu vya milioni 6 za leo. Mtaji wa hatifungani hauliwi na mtu, unaliwa na bei ya unga na mafuta. Kinachoukinga ni kuponi iliyorudi kazini.

Hatua za kununua

Nenda benki yako au kwa dalali aliyesajiliwa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam ukiwa na kitambulisho cha NIDA, picha ndogo na namba ya ile akaunti ya pembeni. Utajaza fomu ya kufungua akaunti ya CDS, ambamo hatifungani zako zitaandikwa. Siku hizi hupewi karatasi ya kuficha sandukuni, ni kumbukumbu ya kielektroniki, hivyo namba ya akaunti hiyo iandike mahali na umwonyeshe mtu unayemwamini.

Ratiba ya minada hutolewa na Benki Kuu na huwekwa kwenye tovuti yake. Mnada hufanyika Jumatano, na malipo ni siku inayofuata. Usisubiri Jumatano, wakala anataka fomu na fedha mapema. Kwenye fomu kuna aina mbili za zabuni. Ya ushindani, unataja bei mwenyewe: ukitaja ndogo mno unakosa, ukitaja kubwa mno unaweza kulipa hiyo hiyo kubwa. Isiyo ya ushindani hutaji bei, unapata kwa bei ya wastani ya walioshinda. Kwako wewe tunashauri hii ya pili. Kasoro yake ni kwamba hujui bei kamili kabla, hivyo angalia matokeo ya minada miwili ya nyuma ya hatifungani ya muda huo huo, yako kwenye tovuti ile ile. Ukiona wastani umekuwa 108, kwa bajeti ya milioni 16 agiza thamani ya 14,500,000 na uache kiasi cha kujaza. Muulize wakala ada zake zote kabla ya kutia saini, na akuandikie.

Na mtu yeyote akikutumia ujumbe kwamba ana hatifungani ya serikali inayorudufu kwa miezi sita au mwaka, mkatalie hapo hapo. Umeshaona hesabu: hata kuponi ya juu tuliyoitaja, ikirudishwa yote kazini, haifiki chini ya miaka minne.

Ukikwama, na mwisho wa safari

Hulazimiki kusubiri mpaka ufike umri wa miaka 72. Serikali haitakurudishia fedha kabla ya tarehe, ila unaweza kumuuzia mtu mwingine kupitia dalali, na kuponi zako za nyuma hakuna anayekudai. Hatari iko kwenye bei ya siku hiyo. Tuseme umeshika ya miaka 25 ya 12.56, na matoleo mapya yamepanda hadi 15.95. Hakuna atakayekupa 100. Kwa hesabu, bei yake inakuwa kama 79, yaani milioni 16 zako zinauzwa kwa milioni 12.6 hivi. Viwango vikishuka, unauza juu ya 100 na kupata faida. Jinsi hatifungani ilivyo ndefu ndivyo bei yake inavyoyumba, na hiyo ndiyo kazi ya zile milioni 4 tulizokutengea pembeni, zikuepushe kuuza siku mbaya. Njia nyingine ni kuiweka dhamana benki na kukopa kiasi kidogo. Linganisha riba ya mkopo na kuponi kabla hujakubali.

Unaweza pia kuuza sehemu. Mwenye hatifungani ya milioni 16 anaweza kuuza milioni 3 na kubaki na 13, ila kumbuka kwa 12.56 kuponi itashuka chini ya milioni, na utahamia kwenye mfuko.

Kuhusu swali la uhai, tunamwomba Mungu akupe miaka hiyo na zaidi. Hatifungani haifi na mwenyewe. Inakuwa sehemu ya mirathi, na atakayeshughulika nayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, ambaye ataihamisha kwa warithi au kuiuza. Kinachowasumbua wafiwa ni kutojua kama ipo. Waandikie wanao ukurasa mmoja: namba ya akaunti ya CDS, jina la wakala, benki inayopokea kuponi, na miezi miwili ya mwaka ambayo kuponi huingia. Mkubwa wako wa kidato cha pili ameshafikia umri wa kuonyeshwa ukurasa huo ulipo.

Na shemeji naye mfikishie ujumbe. Hati yake, kama ni ya kiwango cha asilimia 2.70 kilichokuwapo kati ya Novemba 2023 na Oktoba 2024, haikui kwa mwendo wa kurudufu. Dola 10,000 zinakuwa kama 16,600 ikifika miaka 19. Ni siku inapotimiza miaka 20 ndipo serikali inaongeza pengo lote kwa mkupuo na kuifikisha 20,000. Akiikomboa miezi michache kabla, anaacha zaidi ya dola 3,000 mezani. Aandike mwezi na mwaka wa kununua kwenye jalada la hati za mtoto, na asiiguse kabla ya hapo.